Mkalimani wa Usalama

Ukitaka kuwanyamazisha watu katika kilabu cha pombe kule kwetu Kasulu, huna haja ya kupiga kelele. Waambie tu kwamba unafanya utafiti wa usalama. Vikombe vitashuka mezani taratibu, mmoja atakumbuka kwamba mbuzi wake hawajafungwa, mwingine ataanza kusifia mvua za mwaka huu. Kwetu "Usalama" ni mtu. Ni yule jamaa mwenye shati safi anayekaa peke yake pembeni, anayeuliza sana na kuwanunulia wenzake sana. Kwa hiyo msomi akija kutoka ng'ambo, kibali cha COSTECH mkononi, akasema kwa Kiswahili cha kujifunza vitabuni kwamba anatafiti usalama wa kimataifa, yeye anasema lake na watu wanasikia lao.

Mwaka 2016 nilikuwa mdomo wa msomi wa namna hiyo kwa wiki saba, katika kambi ya Nduta, wilaya ya Kibondo. Wenzangu mnaopenda kalamu mmeniuliza mara nyingi kazi ya ukalimani inalipa namna gani. Inalipa posho ya siku na nauli ya basi. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina ajira, nakaa kijiweni na wenzangu tukiijadili Simba na Yanga kana kwamba ni sisi tunaowalipa wachezaji. Kazi ilipokuja sikuuliza mengi. Kilichotakiwa kilikuwa kimoja: mtu anayejua Kirundi vizuri na Kiingereza cha kutosha.

Kirundi sikukisoma popote. Mimi ni Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Mtu wa Heru na mtu wa Ruyigi wakikutana njiani wanasalimiana, wanatukanana na kuposeana bila mkalimani. Mpaka ulichorwa na Wazungu juu ya watu waliokuwa tayari wanaoana. Jambo hili ni tamu kulisema kwenye mashairi, lakini kwenye meza ya ofisi ni chungu. Nimewahi kukaa mbele ya afisa mmoja, mjini mbali na kwetu, naomba karatasi ya kawaida kabisa. Aliponisikia nikitamka jina la kijiji changu aliweka kalamu chini. "Wewe Mrundi wewe." Nikatoa cheti cha kuzaliwa. Akakigeuzageuza. Akaniuliza jina la babu wa baba yangu, na alizikwa wapi. Nikamjibu. Akasema hata Warundi wana babu. Nilirudi mara tatu ndipo nikapata karatasi ile. Muha yeyote atakayesoma hapa atacheka, maana naye analo lake la namna hiyo.

Nayaeleza haya mapema kwa sababu sikwenda Nduta kama mtu wa kando. Lugha iliyonipa posho ndiyo ile ile iliyonikosesha usingizi.

Sasa historia kidogo, kwa walio Dar na hawajawahi kuvuka Tabora. Tarehe 21 Oktoba 1993, Rais wa Burundi, Melchior Ndadaye, aliuawa na wanajeshi baada ya kukaa madarakani miezi mitatu tu. Mauaji yakaenea nchi nzima, na watu kwa mamia ya maelfu wakakimbia, wengi wao wakaja upande wetu. Baadaye, Julai 1996, Pierre Buyoya alichukua serikali kwa mapinduzi, na vita vikazidi. Ndipo majina ya Kanembwa, Nduta, Mtendeli na Karago upande wa Kibondo, na Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, yakaingia kwenye taarifa za redio za dunia. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliovuka Ziwa Tanganyika. Mimi nilikuwa mtoto. Ninachokumbuka ni malori meupe, makopo ya mafuta ya kula yaliyogeuzwa kuwa mabati ya vibanda, maturubai ya bluu yaliyokuwa yakiuzwa sokoni kabla hata hayajachafuka, na mama akilalamika kwamba kuni zimekwenda mbali.

Wasomi nao walikuja. We acha tu. Nadhani hakuna nyanda za juu nyingine Tanzania zilizoulizwa maswali mengi kiasi kile. Yupo Loren Landau, aliyeilinganisha Kasulu na Mpwapwa, wilaya isiyokuwa na wakimbizi, akatoa kitabu mwaka 2008. Yupo Beth Elise Whitaker, aliyeandika jinsi wenyeji wenye mashamba na mitaji walivyoneemeka na ujio wa kambi, na wale wasio na kitu wakazidi kuumia. Kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo Bonaventure Rutinwa na Khoti Kamanga, wanasheria walioshughulikia suala la wakimbizi kwa miaka mingi. Na yupo Sarah Kenyon Lischer, Mmarekani, ambaye kitabu chake cha mwaka 2005 kinahusu hasa jambo ambalo bosi wangu alikuja kuliuliza: kwa nini kambi moja ya wakimbizi inageuka kuwa kambi ya jeshi, na nyingine haigeuki?

Kitabu hicho nilipewa nikisome jioni kwenye gesti ya Kibondo, kwenye mwanga wa taa ya chaji. Nilianza kukisoma kwa kinyongo. Nilidhani nitakuta yale yale tunayosemana sokoni: wakimbizi ni wengi mno, ni maskini mno, wako karibu mno na mpaka, vijana wao hawana kazi, kwa hiyo lazima watashika bunduki. Kumbe mama huyo anakataa. Anasema idadi, njaa na umbali wa mpaka havitoshi kueleza chochote. Cha kuangalia ni siasa. Kwanza, waliokimbia ni akina nani: wanaoikimbia tu vurugu, au waliosakwa kama kundi, au serikali iliyoshindwa ikatoka na jeshi lake na bendera yake? Pili, nchi iliyowapokea ina uwezo na nia ya kuwazuia wenye silaha? Tatu, nani kutoka nje anawalisha na kuwapa nguvu, pamoja na mashirika ya misaada, ambayo chakula chake hakiulizi anayekula ni raia au askari?

Mfano wake mkubwa ni Wanyarwanda wa 1994. Watu wale wale, waliokimbia mwaka ule ule, na miongoni mwao viongozi wale wale waliosimamia mauaji ya kimbari. Waliokwenda Zaire, kule Goma na Bukavu, walijenga dola nje ya dola yao. Walikuwa na jeshi, walifanya mazoezi, wakashambulia Rwanda usiku, mpaka mwaka 1996 vita vikaifuata Zaire yenyewe na Mobutu akaondoka mwaka uliofuata. Waliokuja kwetu, Ngara, walivuka daraja la Rusumo wapata robo milioni kwa muda wa siku moja hivi, mwishoni mwa Aprili 1994. Huku hakukuwa malaika, vitisho vilikuwepo, wakubwa wa zamani walitawala ugawaji wa chakula. Lakini vita vya namna ya Goma havikutokea. Tofauti haikuwa kwenye matumbo ya wakimbizi, ilikuwa kwenye serikali iliyowapokea.

Nilisoma hapo mara mbili. Miaka yote nilikuwa nasikia kwamba hatari inaletwa na mtu mwenye turubai mgongoni. Hapa msomi ananiambia hatari inapimwa kwenye meza za wakubwa. Nilipenda, sitaficha. Ila nilijiuliza pia hiyo "nia na uwezo" ya serikali yetu ilionekanaje kwa mtu wa chini.

Ilionekana hivi. Burundi ilikuwa ikiishutumu Tanzania kwamba waasi wa CNDD na tawi lake la kijeshi FDD wanajificha kambini, wanachangisha chakula na kuandikisha vijana. Tanzania ilikanusha. Mwishoni mwa mwaka 1997 askari wakapita vijijini mkoani Kigoma na kuwakusanya wageni waliokuwa wakiishi nje ya kambi. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti nzima juu ya msako huo mwaka 1999. Waliokusanywa walikuwa makumi ya maelfu, na baadhi yao walikuwa wameishi nchini tangu miaka ya sabini, wameoa, wamelima, wamezaa. Waume walitenganishwa na wake. Mazao yaliachwa shambani. Mwaka 1998 ikapitishwa Sheria mpya ya Wakimbizi, na UNHCR ikaanza kugharimia polisi wa ziada makambini. Mkimbizi akakatazwa kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini. Hayo yote kwenye vitabu yanaitwa sera ya usalama, na pengine ilifanya kazi. Lakini katika kijiji ambacho mtu na jirani yake wanasema lugha moja, askari anamtambuaje mgeni? Anamuuliza jina la babu.

Turudi Nduta. Kambi ile ilikuwa imefungwa miaka ya nyuma, Warundi waliporudi kwao baada ya vita kuisha. Ikafunguliwa tena Oktoba 2015. Aprili ya mwaka huo chama tawala cha Burundi kilikuwa kimemteua Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu, Mei likafanyika jaribio la mapinduzi likashindwa, watu wakamiminika Kagunga kando ya ziwa, kipindupindu kikawakuta pale, na MV Liemba, meli ile ya Wajerumani, ikawa inawabeba kwenda Kigoma. Nyarugusu ikafurika. Nduta ikafunguliwa, na Mtendeli Januari 2016. Nkurunziza mwenyewe aliwahi kuongoza FDD msituni. Yaani mpiganaji aliyekuwa akisakwa miaka ya tisini ndiye sasa alikuwa serikali, na waliomkimbia walikuwa wamelala kwenye uwanja ule ule.

Bosi wangu alikuwa mtu mwema. Nasema hivyo maana ni desturi yetu sisi waandishi chipukizi kumfanya kila Mzungu awe kichekesho. Alikuwa analipa kwa wakati, anakula dagaa na ugali wa muhogo bila kukunja uso, na alimsalimia kila mzee "shikamoo" hata pale ambapo mzee ni Mrundi asiyejua aitikie nini. Somo lake lilikuwa aina ya vita ambavyo upande mmoja una ndege, kodi na kiti Umoja wa Mataifa, na upande wa pili una miguu na giza. Wataalamu wana jina lake. Mmoja wao, Andrew Mack, aliandika mwaka 1975, Vietnam ikiwa bado mbichi, kwamba mkubwa hushindwa kwa sababu kwake vita ni shughuli moja kati ya nyingi, na kwa mdogo ni uhai wake wote. Mwingine, Ivan Arreguín-Toft, alihesabu vita vya karne mbili akaona kwamba jinsi miaka ilivyosonga ndivyo mdogo alivyozidi kushinda, hata kati ya 1950 na 1998 mdogo alishinda zaidi ya nusu ya mara. Siri, anasema, ni mdogo kukataa kupigana kwa namna mkubwa anavyotaka.

Na mkubwa naye hujibu. Mao alimfananisha mpiganaji wa msituni na samaki, na raia na maji. Basi jeshi la Burundi likaamua kukausha maji: kuanzia 1996, na zaidi karibu na Bujumbura mwaka 1999, raia kwa mamia ya maelfu waliondolewa milimani kwao wakarundikwa kwenye maeneo ya kulindwa, wasije wakawalisha waasi. Hao waliovuka mpaka kuja kwetu walikuwa, kwa maneno mengine, maji yaliyomwagika.

Swali namba 14 kwenye karatasi ya bosi lilikuwa hili: je, umewahi kusikia watu wakiandikisha vijana kambini kwa ajili ya kupigana? Nilizoea kulitamka kwa sauti ya chini na kuangalia pembeni, kama daktari anayeuliza habari za choo. Majibu yalikuwa mawili: sijui, au sijasikia. Bosi aliandika. Jioni alikuwa ananiuliza, unadhani wanasema kweli? Namwambia, wanasema kile ambacho mtu wa mahali hapa anaweza kusema. Akawa anaandika na hilo.

Siku moja tuliketi na mzee, kwa Kirundi mtu wa umri ule anaitwa mutama, nje ya hema lake. Alikuwa amekimbia mwaka 1972, akarudi, akakimbia tena 1993, akarudi Mtabila ilipokuwa inafungwa mwaka 2012, na sasa huyu hapa mara ya tatu. Nikaeleza kazi yetu. Neno la Kirundi la usalama ni umutekano, lina maana ya kutulia, na halina harufu ya yule mtu wa shati safi. Nilidhani litanisaidia. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Umutekano wa nde?"

Usalama wa nani? Nikatafsiri. Bosi akatabasamu, akasema ni swali zuri sana, hata kwenye taaluma yao linaulizwa. Nikatafsiri na hilo. Mzee akanitazama mimi, siyo yeye.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Ni wa Kasulu, mzee."

"Basi wewe jibu kwanza."

Sikujibu. Mkalimani haruhusiwi kujibu, hiyo ndiyo kanuni, na siku ile niliishukuru sana kanuni. Mzee akaendelea mwenyewe, polepole, akinipa nafasi ya kutafsiri kama mtu aliyewahi kuhojiwa mara nyingi. Habari za waasi hakuzigusa. Alisimulia habari za kuni. Mgawo wa maharage unakuja mbichi, alisema, na kuni hazimo kwenye mgawo. Mwanamume akitoka kambini kutafuta kuni anakamatwa, au anapigwa. Mwanamke akitoka, mnajua. Kwa hiyo kila nyumba inakaa jioni inaamua nani aende. "Kwetu sisi baraza la vita ni hilo," akasema.

Mnajua. Neno hilo alilisema kwa wingi, na mimi nilikuwamo. Maana sisi wa Kasulu tunajua kweli. Mei 1999 kundi kubwa la wanawake wakimbizi waliokuwa wakitafuta kuni wilayani kwetu walishambuliwa na kubakwa, na walioshtakiwa walikuwa wanaume wa kwetu. Kesi ilifutwa. Human Rights Watch ililiandika hilo pia, katika ripoti ya mwaka 2000 juu ya ukatili dhidi ya wanawake makambini. Kwetu nyumbani halijawahi kusimuliwa mbele yangu na mtu mzima. Nililisoma kwa Kiingereza, kwenye gesti, nikiwa na miaka ishirini na kitu, na kijiji kinachotajwa si mbali na kwa mama mdogo.

Jioni ile bosi hakuuliza kama mzee amesema kweli. Aliuliza kama kuni zinaweza kuhesabiwa kama usalama wa kimataifa. Hakuwa anatania. Alikuwa na wasiwasi kwamba wasimamizi wake watamwambia hayo ni masuala ya maendeleo, apeleke kwa idara nyingine. Tulibishana mpaka jenereta ya gesti ikazimwa. Mimi nilisema: kama mpaka unavukwa na jeshi mnaita usalama, na unavukwa na njaa mnaita misaada, basi mwanamke anayebakwa kilomita 2 kutoka kambini yuko katika taaluma gani? Akasema niandike hilo. Ndilo ninaloliandika sasa, nimechelewa miaka kadhaa.

Sina ugomvi na utafiti wa namna ile. Wapo vijana wa kwetu wanaosema wasomi wanakuja kuchuma kama nyuki, asali wanakula kwao. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni kwamba bila wao mimi nisingejua habari ya Mei 1999, wala nisingekuwa na hoja ya kumjibu afisa wa cheti, wala nisingejua kwamba yale maneno ya sokoni, kwamba mkimbizi ni bunduki iliyofungwa ndani ya turubai, yamepimwa na kuonekana hayasimami. Landau ameandika jambo jingine linalonikera kwa sababu ni kweli: ujio wa wageni na misaada uliwafanya watu wa Kasulu wajisikie Watanzania zaidi kuliko zamani, huku wakiitegemea serikali yao kwa machache. Utanzania wetu tuliupata kwa kumtazama jirani na kusema, sisi siyo yule. Na yule ni binamu.

Kinachonisumbua ni kwamba maarifa haya yote yako kwenye lugha ambayo aliyehojiwa haisomi, wala aliyembaka haisomi. Kwa hiyo tangu mwaka jana ninajaribu kuyageuza, vipande vipande, yasomeke hata na kijana wa kijiweni Makere, barabara ya Nyarugusu. Mambo mengine yanageuka vizuri kupita nilivyotarajia. Lile la serikali kuwa na nia na uwezo, nimeliandika kwa sentensi mbili na mjomba wangu, mkulima wa kahawa, akalielewa mara moja, akaongeza mifano yake ambayo siwezi kuichapa.

Lakini jina lenyewe la vita hivi limenishinda. Vitabuni wanaandika "vita visivyolingana", nami kila nikilisoma naona suruali na koti la rangi tofauti. "Vita vya wanyonge" linampa mnyonge sifa ambayo mara nyingine hastahili, maana FDD nao waliua wanyonge. Mjomba alipendekeza vita vya tembo na siafu. Nimeliweka kwa muda, kwa penseli, ingawa ndani yake hakuna mahali pa yule mama wa kuni, ambaye si tembo wala si siafu. Mwenye neno bora alilete kwa mhariri, nami nitalichukua hapo.